Lehemu ya Kawaida

17 Novemba 2011

Daktari ameniambia nihesabu kikohozi cha mume wangu, kuanzia anapoamka hadi anapolala, na niandike. Basi nimenunua daftari. Leo: 31. Lakini daftari lina kurasa mia mbili na kikohozi kinakula nusu mstari tu, kwa hiyo nitaandika na mengine. Yapo mengi, na hakuna anayeniuliza.

Mimi ni Nirupama, sonara. Mume wangu Tarapada ni sonara pia. Hapa Domjur ukirusha jiwe bila kulenga litamwangukia sonara. Tarapada ana miaka arobaini na sita na ana saratani ya mapafu. Kwenye kadi yake ya hospitali, mahali pa kuandika tabia za mgonjwa, pameandikwa: Mvutaji wa biri.

Tarapada hajavuta biri hata moja tangu azaliwe. Harufu yake tu humtapisha.

Niliyaona maneno hayo tuliporudi nyumbani. Aliyetupeleka Kolkata kwa gari lake ni Bhabatosh Poddar, mfanyabiashara anayetuletea dhahabu na lehemu, nasi tunamfungia mikufu. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha. Tarapada akanisimulia kwamba karani aliuliza, “Mgonjwa anavuta?” Kabla Tarapada hajapata pumzi ya kujibu, Poddar akasema, “Biri. Pakiti mbili kwa siku.”

“Mbona hukukanusha?” nilimuuliza Tarapada.

“Mtu kakupa gari lake, halafu umwite mwongo mbele ya karani?”

Mimi ningemwita.

19 Novemba

29. Ukungu.

22 Novemba

Agrahayan umeingia, mwezi wa harusi, na kila mama mwenye binti anataka mkufu wake jana. Tumebaki watatu mezani: mimi, fundi mwenzetu Kartik, na Shyamoli, binti wa dada yake Tarapada. Tarapada yuko kitandani nyuma ya pazia. Kutoka huko anasikiliza moto na kutusahihisha kwa sauti: “Shyamoli, moto wako unapiga miluzi, sogeza mrija.” Haoni, ila hakosei.

Anayevuta biri hapa ni Kartik. Ishirini kwa siku, na bado anabeba gunia la mkaa ngazi mbili akiimba.

“Shemeji,” ameniambia leo, “mimi ndiye navuta, yeye ndiye anakohoa. Mungu kakosea anwani.”

“Hajakosea,” Shyamoli akadakia. “Alifika kifuani kwako, akaona giza na masizi, akadhani ni jiko la mtu, akapita zake.”

Tarapada alicheka nyuma ya pazia mpaka akakohoa. Tisa kwa mkupuo mmoja. Nilicheka nami, halafu nikawachukia wote wawili kwa muda wa kufunga viungo kumi hivi vya mkufu. Kartik namjua: midomo mirefu, uti wa mgongo hakuna. Poddar akiingia, husimama akitikisika kama mkia wa mbwa.

Niandike jinsi tunavyofanya kazi, maana daktari ameniuliza na nilimjibu kwa haraka. Mrija ni wa shaba, ncha moja mdomoni, ya pili kwenye taa. Unapuliza ulimi wa moto uelekee kwenye kiungo, na kipande cha lehemu kinayeyuka na kukishika. Siku ya kwanza kabisa mwanagenzi hufundishwa siri moja: moto usikatike. Mashavu yanapuliza huku pua ikivuta. Uso uko shubiri moja juu ya moshi, na pua haipumziki. Wengi huhitaji mwaka mzima kuiweza. Tarapada aliiweza kwa wiki mbili. Watu walikuwa wanakuja kutoka mitaa mingine kumtazama. “Pumzi kama ya Tarapada,” ndivyo walivyowaambia wanagenzi.

Pumzi hiyo ndiyo tuliyomsifia.

33.

28 Novemba

Poddar amekuja na chungu cha sukari guru mpya ya mtende. Alikaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa.

“Shemeji, binti yangu Mithu anaolewa mwezi wa Falgun. Nataka mkufu wa nyuzi saba, bhori nane. Nikitaka wa mkono wa Tarapada nitakuwa namdai maiti... samahani, namdai mgonjwa. Basi uwe wa mkono wako.”

Bhori nane ni gramu tisini na tatu na kidogo. Nyuzi saba, kila uzi viungo 162, jumla 1,134. Nilishapiga hesabu kabla hajamaliza kuomba samahani.

Mithu namjua tangu ana miaka minne. Alikuwa anakaa kwenye mlango wetu akila bisi za mchele na kuuliza kwa nini moto una rangi mbili. Nikakubali, kwa ajili yake.

Alipokuwa akitoka, Poddar akampiga Kartik bega mbele ya mafundi wa jirani waliokuja kumsalimu. “Na wewe acha hizo biri. Umeona zilivyomfanya mwenzako.”

Wote wakatikisa vichwa. Kartik naye akatikisa! Nikamshukuru Poddar kwa gari.

35.

2 Desemba

34. Mteja wa karibu na soko karudisha hereni, anataka zenye muhuri wa herufi tatu. Kila mtu anataka muhuri huo.

8 Desemba

Nimeenda kwa daktari peke yangu kuchukua majibu ya mkojo. Dakta Lahiri ni mwanamke mdogo kuliko mimi, ana wino vidoleni, hana haraka. Mwezi uliopita nilimwomba anipime na mimi. Alishangaa, akanipima.

Kuna metali inaitwa kadimi. Wateja wanaijua kwa muhuri wake wa herufi tatu. Wanadhani ni alama ya usafi. Imo kwenye lehemu yetu, na ndiyo inayoifanya iyeyuke mapema na kushika bila kushusha karati za mkufu. Kwa mtu asiyefanya kazi hii, daktari anatarajia kipimo kisifike hata moja. Cha Tarapada ni 11. Changu ni 4.

“Inachemka kwenye joto gani?” nilimuuliza. Akatafuta kwenye kitabu: 767. Sikuhitaji kitabu kwa hesabu iliyofuata. Moto wetu unapita hapo kila tunapofunga kiungo. Dhahabu inabaki, kadimi inaondoka kama moshi. Inaondoka inaenda wapi? Shubiri moja juu.

“Sasa niambie kama unavyomwambia fundi,” nikamwambia. “Moshi unaingiaje na kuwa saratani?”

Alifikiri kidogo. “Mama, ndani ya kila chembe ya mwili kuna maandishi yanayoiambia ikue lini na ikome lini. Maandishi hayo yanachanika kila siku, mara maelfu. Kwako, kwangu, kwa kila mtu. Si neno, maana wapo mafundi wanaozunguka wakiziba.”

“Kama sisi.”

“Kama ninyi. Na baadhi ya mafundi hao wanahitaji chembe ya zinki ili mkono ukae sawa, kama bawaba ya koleo. Kadimi inafanana na zinki. Inakuja, inakalia kiti cha zinki. Fundi yupo, koleo analo, ila halifungi.”

“Kwa hiyo haichani maandishi yenyewe?”

“Inachangia kuchana pia, lakini ubaya wake mkubwa ni kuwafunga mikono wanaoziba. Michaniko inalundikana miaka na miaka, mpaka siku moja chembe inasahau neno la kukoma. Inakua, inakua tu. Na kadimi haina haraka ya kutoka. Leo ukiacha, nusu ya iliyomo kwenye figo inaweza kuwa bado imo baada ya miaka ishirini.”

Nikamuuliza kuhusu Kartik na biri zake. Akasema tumbaku nayo ina kadimi kidogo, kwa hiyo Kartik anakula sahani mbili.

Nilirudi kwa treni nimesimama. Mtu aliniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, nne.

17 Desemba

Poush. Mwezi usio na harusi. Meza imetulia, nikapata nafasi ya kupiga hesabu.

Poddar alianza kutuletea lehemu ya kadimi mwaka 1991. Miaka ishirini na moja ukihesabu na huu. Siku 280 za kazi kwa mwaka. Viungo 300 kwa siku kwa mkono wa Tarapada. Jumla: milioni moja, laki saba, sitini na nne elfu. Kila kimoja na pua yake juu.

Nimemwendea Poddar dukani nikamwambia alichosema daktari. Hakukasirika. Alicheka kwa upole, na upole huo ndio unaonichoma.

“Kadimi? Shemeji, hiyo ndiyo usafi wenyewe. Wateja wanaiulizia kwa jina. Madaktari wa siku hizi wanasoma magazeti.”

“Kipimo ni kumi na moja.”

“Biri, shemeji. Biri.”

Jioni mapema nikawaambia mafundi wa mtaa mzima, walipokusanyika kwa chai. Walinisikiliza kama watu wanaomsikiliza mjane kabla hajafiwa. Mmoja akasema, “Tukikataa lehemu yake, kazi inahamia mtaa wa pili kesho asubuhi.” Kartik alitazama chini. Nikasubiri aseme tu kwamba Tarapada havuti. Maneno mawili. Hakusema.

41.

18 Desemba

43.

25 Desemba

46. Tarapada kaomba kaa wa kukaanga kisha hakula.

2 Januari 2012

52. Baridi. Sina la kuandika ila chuki, na chuki haina uzito kwenye mizani.

8 Januari

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Saa nne asubuhi mtumishi wa Poddar ameleta dhahabu ya mkufu wa Mithu. Juu ya dhahabu kulikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha bamba jembamba la lehemu limefungwa kwa karatasi. Nilipolishika nikajua si letu. La kwetu ni la njano iliyopoa. Hili lilikuwa na wekundu kwa mbali.

Nikaweka kipande chake kwenye kigae cha kulehemia nikapuliza. Halikuyeyuka pale lilipopaswa kuyeyuka. Ilibidi niongeze moto, kama digrii arobaini kwa jicho langu, na jicho langu ni la miaka ishirini na tano. Likashika. Na kigae kikabaki cheupe. Lehemu yetu huacha doa la kahawia kila mara, tumezoea kulifuta kwa kidole na kuendelea. Hili halikuacha kitu.

Ndipo nikaikunjua karatasi. Ni mwandiko wa Poddar mwenyewe, naujua kama ninavyojua mashavu yangu:

Mkufu wa Mithu ulehemiwe kwa hii tu. Ile ya kawaida isiguse shingo yake.

Nilikaa. Shyamoli akaniuliza, “Shangazi, umeungua?”

Poddar alijua.

Nikainuka, nikaenda kwenye droo ya marekebisho. Mlikuwa na bangili iliyotoka kwenye karakana yake ya juu ya duka, wanakofanya kazi wana wa ndugu yake, wenye feni ukutani. Nikafungua kiungo chake kwa moto. Digrii zile zile arobaini zaidi. Kigae cheupe. Nikafungua nyingine, ya mwaka juzi. Cheupe. Ya miaka minne nyuma: kahawia. Kwa hiyo ni miaka mitatu sasa vijana hao wanapuliza lehemu safi yenye zinki, na ile ya kahawia inashuka ngazi, inakuja kwetu.

Na yule anayesema “biri” kwa karani, kwa mafundi, kwa Kartik, hakusema kwa ujinga. Alikuwa anaziba. Kumbe naye ni fundi.

Lakini amekosea, na kosa lake ndilo lililomvua nguo. Anadhani sumu inakaa shingoni! Ameilinda shingo ya mwanawe, na mapafu ya Shyamoli ameyaacha. Asingeandika karatasi hii, ningekufa bila kujua. Mficha maradhi, kilio humfichua, na huyu yamemfichua mapenzi ya mwanawe.

Nimeifunga karatasi ndani ya jalada la daftari hili.

58. Pengine zaidi. Kuna wakati sikuhesabu.

9 Januari

Naandika kitu ambacho sitaki kukiandika. Jana nzima niliwaza kuufunga mkufu wa Mithu kwa ile ya kawaida. Viungo 1,134 vya kahawia kwenye shingo ya mwanawe pekee. Niliwaza kwa furaha. Nilipika, nikaosha vyombo, bado nina furaha.

Leo nikampigia simu Dakta Lahiri, nikajifanya ni swali la mteja. “Mtu akivaa mkufu wenye kadimi?”

“Kwenye mkufu imelala, haimfanyi kitu mvaaji. Anayeumia ni anayeiwekea moto. Siku mkufu ukikatika, atakayeumia ni fundi atakayeurekebisha.”

Yaani Kartik. Au Shyamoli. Au mtu kama mimi nilipokuwa na miaka kumi na tano, nilipochekecha tope la mitaro nje ya karakana za watu hadi nikapata dhahabu ya kununulia mrija wa kwanza.

Hata kisasi ukikituma kwa Poddar, kinashuka ngazi.

Basi kitatengenezwa kingine.

20 Januari

61. Uzi wa kwanza umekwisha. Lehemu safi inataka pumzi ndefu. Tarapada anasikiliza nyuma ya pazia: “Huo moto ni mkali. Unalehemu nini?”

Nikamsomea karatasi.

“Na mimi nilimletea mwanawe samaki wa koi wa kwanza wa kila msimu,” akasema.

27 Januari

66. Uzi wa tatu.

3 Februari

70. Mvua ya mwezi wa Magh, matone makubwa, paa linavuja juu ya kigae. Uzi wa tano. Kartik kaniuliza mbona nalehemu peke yangu na mlango umefungwa. Nikamwambia akavute biri zake.

“Shemeji, unanichukia.”

“Ndiyo.”

“Nina mabinti watatu,” akasema, kisha akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Nikakumbuka kwamba mimi sina hata mmoja, na labda ndiyo maana mdomo wangu ni mwepesi.

10 Februari

79. Uzi wa saba. Viungo 1,134, vyote safi. Mkufu mzuri kuliko yote niliyowahi kufunga. Nimemwekea Tarapada mkononi. Amehesabu viungo kwa kidole gumba, amepata uzi mmoja na nusu, akalala.

15 Februari

Leo ilikuwa siku ya Mithu kubarikiwa, kabla ya harusi. Ua wa Poddar, saa tano asubuhi, jua zuri. Upande huu watu wa bwana harusi, masonara matajiri wa Kolkata. Upande ule sisi mafundi wa mtaa, thelathini na zaidi, tumekaa kwenye mikeka mbele ya mikate ya kukaanga na mchuzi wa koliflawa. Poddar anapenda kuonekana na mafundi wake.

Bibi alimnyunyizia Mithu mpunga na majani, akina mama wakapuliza kombe, na Poddar mwenyewe akamvika mkufu. Watu wa Kolkata wakaguna kwa kupendezwa. Wanajua kazi.

Poddar akaja kuniinamia, akitabasamu kwa ajili ya watu, akanong'ona: “Shemeji, umetumia ile niliyokuletea?”

Siku thelathini na nane nilikuwa nimesubiri swali hilo. Nilijua atauliza. Mzazi hawezi asiulize. Nikajibu kwa sauti ninayotumia kumwita mtu ng'ambo ya barabara.

“Ile ya kawaida, kaka! Ile yako tunayoivuta mwaka wa ishirini na moja. Kwani ina nini?”

Sijawahi kuona rangi ikimtoka mtu vile. Aliruka mikeka, akaushika mkufu kwenye shingo ya mwanawe akauvuta. Kulabu ikanasa sari, sari ikachanika, mpunga ukamwagika.

“Vua! Vua haraka, ina sumu!”

“Baba, unaniumiza! Sumu gani?”

“Sumu, mwanangu, vua!”

Kombe lilikuwa limenyamaza. Mithu alimshika baba yake viganja vyote viwili na kumuuliza taratibu, kama alivyokuwa akiuliza habari za moto mlangoni kwetu:

“Baba, ulijuaje kwamba ina sumu?”

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, mdomo umejaa mkate.

“Shingoni ni sumu, mzee, na mapafuni je?”

Alikuwa Kartik. Kasimama. Si kama mkia.

Poddar akageukia wakwe zake, akakunja mikono. “Msimsikilize. Huyu mama ana uchungu, mumewe anakufa kwa biri...”

“Biri navuta mimi!” Kartik alipiga kelele hadi mkate ukamtoka. “Mimi! Tarapada hajawahi kuvuta hata moja! Niliinamisha kichwa uliposema, na leo nakiinua!”

Nikaitoa karatasi kwenye daftari, nikaisoma mara mbili, ya pili polepole kwa wasiosikia vizuri. Kisha nikampa mzee wa Kolkata aione kwa macho yake. Nikawaeleza mafundi kuhusu kigae cheupe na kigae cha kahawia, na feni ya karakana ya juu, na miaka mitatu. Hawa si watu wa kuelezwa mara mbili. Kila mmoja alikuwa anajitazama kidole anachofutia doa.

“Mkufu ni safi,” nikamwambia Mithu mwishoni. “Nimetumia aliyoleta. Na hata ungekuwa na ile nyingine, isingekudhuru wewe. Inaua anayepuliza.”

Aliuokota kwenye mpunga, akajivika mwenyewe. Analia. “Shangazi, mjomba Tarapada yuko hai?”

“Yuko hai.”

Hapo tu ndipo kitu kilinichoma. Sonara hupima dhahabu kwa kuisugua kwenye jiwe jeusi, na leo nilimsugua baba kwa shingo ya binti. Jiwe halikuwa limeniomba.

Lakini ningerudia kesho.

Nikamsimulia Tarapada kila neno.

“Alisema sumu mara ngapi?”

“Mbili.”

“Ningetoa mwezi mzima kuisikia.”

“Mwezi unao wa kutoa?”

Tukacheka kama wendawazimu. 112, lakini kama ishirini kati ya hizo ni kicheko, na sijui nizitoe vipi kwenye hesabu.

16 Februari

104. Hakuna moto mtaani. Mafundi wote wameweka mirija chini hadi waletewe lehemu safi na feni. Shyamoli anapita nyumba kwa nyumba akikusanya mabamba ya zamani. Kumi na moja mpaka sasa.

21 Februari

Dakta Lahiri ameifuta biri kwenye kadi kwa mistari miwili na kutia sahihi. Alinionya: “Kwa mtu mmoja siwezi kuapa kwamba ni kadimi peke yake, mama. Naandika kwamba hakuvuta, naandika kazi yake, miaka yake na kipimo, na kwamba inawezekana sana.”

“Andika.”

Nilimsomea Tarapada: Sonara. Miaka ishirini na moja ya moshi wa kadimi. Hakuwahi kuvuta. Alitaka nirudie sentensi ya mwisho. Nikairudia mpaka akalala.

98.

29 Februari

90. Zinapungua kwa sababu nguvu za kukohoa zinapungua.

7 Machi

37. Mithu ameolewa jana. Ameleta samaki wa koi.

14 Machi

0.

27 Machi

Mwezi wa Chaitra, vumbi na joto. Leo ni siku ya kumi na tatu, tumefanya ibada ya marehemu na kulisha watu. Mafundi wote wamekuja. Lehemu yao sasa ni safi, na kila karakana ina feni, hata kama nyingine zinapiga kelele kama mbuzi.

Poddar naye akaja. Amevaa vizuri, pamba nyeupe, viatu kavua mlangoni. Watu wakampisha kama anavyopishwa mtu mwenye ndui. Akanikunjia mikono.

“Shemeji, nimebadilisha yote. Mwanangu hasemi nami. Wakwe hawanialiki. Nisamehe, mbele ya watu hawa.”

Nilikwenda kwenye meza ya Tarapada, nikawasha taa, nikaweka kigae, na juu ya kigae kipande cha bamba la zamani, lile nililobakiza. Nikaufuta mrija wa Tarapada kwa ncha ya sari na kumpa.

“Kiungo kimoja,” nikasema. “Puliza kiungo kimoja tu, kisha nitakusamehe na sitalitaja tena mpaka nife. Yeye alipuliza milioni moja, laki saba, sitini na nne elfu.”

Aliushika. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili. Kumi. Thelathini aliuinua hadi kidevuni. Arobaini na tano aliutazama moshi wa taa tu, moshi wa mafuta usio na kitu, akageuza pua pembeni. Sitini.

Kwa dakika moja ya moto Tarapada alikuwa anafunga viungo vinne.

Poddar akauweka mrija mezani taratibu, akavaa viatu, kushoto kulia vimebadilishana, akaenda zake. Nikakitoa kile kipande kigaeni kwa kibano, nikakirudisha kwenye mfuko pamoja na vingine alivyokusanya Shyamoli ili vifukiwe, nikazima taa.

“Shemeji,” Kartik akauliza, “na kama angepuliza?”

“Ningemsamehe. Neno langu ni moja.”

“Kweli?”

“Kweli. Ndiyo maana nilichagua kitu ambacho najua hawezi.”

Naendelea na daftari lile lile, kurasa bado ziko.

Kikohozi leo: 6. Changu.